Hina Kwenye Kipulizia Rangi Changu

Jumamosi. Upepo wa vumbi tangu alfajiri.

Kipulizia rangi changu cha kwanza kimekufa kabla hakijaonja rangi.

Kwa miezi nimechagua, hadi nikapata chenye tundu jembamba, cha kupaka ndege yangu ya plastiki ya kuunganisha. Kimefika Garissa leo kwa basi.

Habaryar, yaani mama mdogo, aliyekuja kwetu kwa harusi, akakinyakua.

"Mashallah! Nairobi maharusi wanapuliziwa hina kwa hiki."

"Habaryar, ni cha rangi tu."

"Kwani hina ni maziwa?"

Wageni wengine wa harusi waliojaa sebuleni wakacheka. Ningemkatalia mbele yao?

Akakijaza hina, ikaganda ndani. Akachokonoa kwa sindano ya kushonea. Tundu likapasuka.

"Abaayo, dada yangu, walikuuzia kibovu."

Spea hapa hakuna. Ndege imebaki kijivu.

Nyinyi mngefanyaje?

Saa mbili usiku. Nalala.