Ndoana Isiyozama

Mvua ilikatika usiku wa manane, na Biubwa binti Mboni alikuwa bado ameketi mkekani, macho kwenye mlango wa uani. Alikuwa ameuegesha tu. Mwanawe Kondo akitoka mtoni hakupitia mlango wa mbele hata siku moja. Alijua mama hataki shombo barazani.

Ujane ulimkuta Biubwa angali kijana, Kondo yu mgongoni. Alimlea kwa mihogo ya shamba lake kijijini Janga na kwa hofu. Akikohoa, alimchemshia majani, akichelewa, alimfuata njiani, hata wenziwe wakamcheka: "Kondo, mkia wako huo unakuja!"

Mto Ruvu ndio uliomshinda. Kondo, alipokuwa kibarua shamba la mkonge, alimwona mzungu msimamizi akivua kwa ndoana isiyo na risasi ya kuizamisha wala chambo. Ilivikwa unyoya, ikaelea kama kumbikumbi aliyeanguka majini, na kuyu, samaki wa magamba makubwa, wakapanda juu kuidaka. Vidole vya Kondo vilikuwa vinene, basi mama ndiye aliyemfungia ndoana kama ile. Alinyonyoa shingo ya jogoo wake mwekundu, akazungusha uzi, akapaka nta ya nyuki isizame.

"Tia risasi kidogo, baba," alimwambia alasiri iliyotangulia usiku huo. "Uirushe ukiwa ukingoni."

"Ikizama nimewakosa, mama. Kumbikumbi wametoka, kuyu wote wako juu."

"Na mamba wako wapi?"

"Wamekwenda Kisarawe kuoa."

Biubwa akacheka, akampa ndoana mpya. Hakusema alilolijua: kitu chepesi hakirushiki mbali. Anayetaka kifike, sharti aingie majini hadi mapajani.

Baada ya adhana ya alfajiri alisikia miguu, mingi. Ilifika usawa wa ua, ikapunguza mwendo, kisha ikazunguka kwenda mbele.

"Hodi, mama Kondo."

Alikuwa Matano, jirani yake, mtu wa kuanza utani tangu njiani. Leo sauti ilikuwa ya chini.

"Tufungulie, dada. Tumeupata ufito wake wa kuvulia. Mshipi bado upo, na ndoana."

"Inaelea?"

"Nini, dada?"

"Hiyo ndoana. Mliikuta inaelea?"

Nje mtu akakohoa.

"Inaelea, dada."

Biubwa hakuinuka. Alikaza macho kwenye mlango wa uani, pale ulipoachwa wazi upana wa kiganja. Hodi ikapigwa mara ya pili, na ya tatu, na komeo la mlango wa mbele halikuguswa.