Bolti Ngumu Niliyomfungia Mtani Wangu

Bolti ile niliiweka mimi. Niliiweka kwa mkono wangu, nikijua kazi yake na nikijua hatari yake, na gharama akailipa mtu mwingine. Nimewaacha watu waamini vinginevyo muda mrefu. Leo nayasema, na sitaki mtu anihurumie.

Mimi ni mzee wa Kipare, mstaafu, naishi Toronto. Nyumbani nilimaliza kidato cha nne nikaingia karakana ya shamba la mkonge, nikakaa huko hadi nilipohama. Karakana ile ilikuwa na sheria moja kwa mafundi: mashine isisimame. Kitu kikikatika, weka kinene zaidi. Kikikatika tena, tafuta chuma kigumu kuliko kile. Ndivyo nilivyofundwa, na ndivyo nilivyomharibu mwenzangu.

Mwenzangu huyo nitamwita Mangi, kama kanisa zima lilivyomwita. Mchaga wa Machame, rika langu, mkata nyama katika bucha moja karibu na makutano ya barabara za Jane na Finch. Wapare na Wachaga ni watani, na utani mnaujua: mtani anakutukana mbele za watu, anakuvua kofia, anakula sahani yako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, kosa ni lako.

Mimi nilikasirika. Kosa langu lilianzia hapo, kabla ya bolti.

Kanisa letu la Kiswahili linakutana katika jengo lililokuwa ghala. Lina kiwanja kikubwa cha kuegesha magari, na lina trekta dogo la kukatia nyasi ambalo majira ya baridi lilikuwa linalala tu. Mtu tuliyemkodi kuondoa theluji alikuwa anafika ibada imeshaisha, na kina mama wazee wanaingia wameshikana mikono wasianguke. Nikasimama kikaoni nikasema: nipeni hilo trekta, nitalifungia mashine ya kurusha theluji kwa mbele.

"Mpare anataka kujenga," Mangi akasema kutoka nyuma. "Jamani, ficheni nondo za madirisha."

Watu wakacheka. Mke wangu akacheka kuliko wote. Alimpenda sana Mangi kwa utani wake. Alikuwa akisema, "Siku nikifa, huyu ndiye atakayelizuia jeneza langu mlangoni, adai pombe ya mbege kwanza. Nitazikwa watu wakicheka."

Kumbukeni maneno hayo.

Nilipata mashine kuukuu, ya zile za kusukuma kwa mikono, injini yake imekufa lakini kinywa chake kizima. Kinywa ni boksi la bati lililo wazi mbele. Ndani yake kuna skrubu kubwa la chuma linalozunguka na kukusanya theluji, na juu kuna bomba la kuirushia pembeni. Nikakikata kinywa hicho, nikachomelea fremu, nikakifunga mbele ya trekta na kupitisha mkanda kutoka kwenye injini. Kwa fundi wa umri wangu, katika gereji isiyo na joto, ilikuwa kazi ya kujivunia. Nilijivunia mno.

Skrubu la namna ile hushikwa kwenye mhimili wake kwa bolti laini. Ni laini kwa makusudi. Skrubu likimeza jiwe au bonge la barafu, bolti inakatika, skrubu linalegea, na mashine inapona. Mkono wa mtu nao unapona. Hilo nililijua vizuri, msidhani sikulijua.

Sasa, greda la jiji likipita barabarani huacha ukuta wa barafu mlangoni pa kiwanja. Ningekuwa na akili ningeuvunja ukuta ule kwa sepetu kwanza. Mimi niliuvamia kwa trekta, waumini wanatazama, na kila mara, tak, bolti imekatika.

"Imezimia tena," Mangi anatangaza. "Leteni uji."

Kisha anashuka ngazi, anainama, anatoa lile bonge la barafu kinywani kwa mkono, na analizungusha skrubu kwa kidole kimoja kwa kuwa limelegea. "Oneni, hata mtoto anaizungusha. Mpare, hii uliijengea theluji au uliijengea kukoroga togwa?"

"Rudi kwenye mifupa yako," nikamwambia siku moja.

"Mifupa yangu hukatika nikitaka mimi. Bolti zako hukatika zikitaka zenyewe." Akawageukia watu. "Mnajua Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Huyu atauza kanisa ashinde kesi ya theluji."

Mashine akaipa jina: Mgonjwa. Hata tukikutana bucha, nyuma ya kaunta, kisu mkononi, ananiuliza, "Mtani, Mgonjwa ameamkaje?" Wateja wanacheka bila kujua wanachocheka.

Ule ulikuwa utani, wala haukuzidi kipimo. Kila Jumapili baada ya kunitukana alikuwa ananiwekea mkononi mfuko wa nyama, kipande kizuri, bila neno. Mimi nikaila nyama yake na kumchukia. Nilikuwa nikikaa kwenye basi, peke yangu, namjibu moyoni mpaka midomo inacheza.

Jumamosi moja nikaingia gereji, nikatoa bolti laini, nikaweka ngumu, ya aina inayofunga injini za malori. Sikumwambia mtu. Nilitaka waone mashine imepona yenyewe, na Mangi akose la kusema.

Kesho yake theluji ilikuwa nene. Nikaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa greda, na skrubu likautafuna. Watu mlangoni wakapiga makofi. Nikamtafuta Mangi kwa macho, nikamwona amenyamaza, nikasikia raha ambayo hadi leo naionea aibu.

Karibu na ngazi kulikuwa na mkeka wa mpira wa kufutia miguu, umefukiwa chini ya theluji. Skrubu likaumeza na kukwama. Bolti haikukatika. Mkanda ukaanza kulia kwenye puli.

Watu wote walikuwa wamezoea hivi: Mgonjwa akisimama, amekufa, hana madhara. Injini nilikuwa naiacha inaunguruma kwa sababu kwenye baridi ile ilikuwa ngumu kuwaka tena. Wenzo, ile fimbo ya kuvuta ili mkanda ulegee, niliutengeneza vibaya, ulikuwa mzito, nami sikuwa najisumbua kuuvuta. Wakati bolti ni laini, uzembe huo haukumdhuru mtu.

Mangi akashuka ngazi akicheka, glovu mkononi. "Nilijua tu. Alikuwa anaaga, maskini."

Nilimwona akiinama. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja: usiguse. Lakini angeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa bolti. Watu wote wangejua kwamba Mpare kadanganya. Nilifungua mdomo nikaufunga.

Akavuta mkeka. Mkeka ukachomoka na skrubu likazunguka.

Sitaeleza zaidi. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia, mkono wa kisu.

Na huo si mwisho wa ubaya wangu. Gari la wagonjwa lilipoondoka, watu wakiwa ndani wanaomba, mimi nilipiga magoti kwenye theluji ile yenye damu nikafungua bolti ngumu, nikaitia mfukoni. Tunduni nikachomeka kipande cha bolti laini iliyokatika zamani. Mchungaji alipokuja kutazama akaona yale yale aliyozoea kuyaona.

"Ulimwonya, mzee?" akaniuliza.

"Nilimwambia asiguse," nikajibu. "Hakusikia. Alikuwa anacheka."

Likawa ndilo neno la kanisa zima: utani umemponza. Wengine walisema hivyo mbele yangu kwa kunifariji, nami nikatikisa kichwa kwa huzuni. Fikiria roho ya namna hiyo.

Mke wa Mangi alikuja nyumbani mara moja tu. Hakuvua koti wala hakukaa.

"Mume wangu anasema hukufungua mdomo," akaniambia. "Wewe unasema ulimwonya. Mmoja wenu ni mwongo, na yule aliyelala hospitali hana cha kuficha."

"Mama, maumivu yanamchanganya," nikasema.

Akanitazama, kisha akamtazama mke wangu. "Dada, wewe nakupenda. Huyu, Mungu atamalizana naye." Akatoka.

Mke wangu hakuniuliza kitu siku ile wala baadaye. Aliacha tu kunitajia jina la Mangi, na tangu hapo nyumba yetu ikawa haina kicheko. Mangi aliacha bucha. Kisu hakishikiki kwa dole gumba na kidole kimoja. Akahamia ibada nyingine. Mimi nilibaki napongezwa kwa kujitolea kwangu, hadi niliposingizia mgongo na kuuacha usukani wa trekta.

Kisha mke wangu akafariki.

Siku ya mazishi ukumbi ulijaa. Mangi alikuja. Nilipomwona mlangoni, Mungu anisamehe, moyo uliruka kwa furaha. Nikasema sasa atalizuia jeneza, atadai mbege, atamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, na kwa dakika hiyo nitakuwa nimesamehewa. Akaja mbele akiwa ameficha mkono mfukoni. Akainamisha kichwa. Akanipa pole kwa sauti ya chini, kama mgeni anayempa pole mgeni, akaenda kukaa nyuma. Jeneza likapita mlangoni bila mtu kulizuia. Mke wangu alizikwa kimya. Kitu kimoja alichokitamani kwa kifo chake, nilimnyima mimi.

Baada ya arobaini nilienda kwake na ile bolti. Nikaiweka mezani nikamweleza yote: gereji, mdomo nilioufunga, kile kipande nilichochomeka. Nilitaka anitukane. Nilitaka aniite Mpare, mchawi, muuza ng'ombe. Anirushie ile bolti usoni.

Aliigeuza kwa vidole vilivyobaki, akairudisha upande wangu.

"Asante kwa kunieleza, mzee," akasema. "Chai utakunywa?"

Mchungaji naye nilimwambia, na kanisa likaambiwa. Wengine hawanisalimu tena, na wana haki. Hiyo naivumilia.

Nawaonya ninyi mnaonisoma mkiwa na kinyongo na mtu anayewacheka. Kama una mashine, usibadilishe kitu kilichowekwa kimlinde mtu. Kama una mdomo, ufungue kabla mkono wake haujafika. Na kama mtani wako bado anakutukana, kaa chini umsikilize mpaka amalize, kwa maana huyo bado ni wako.

Wangu, Mangi, ni rika langu, tumelingana kabisa. Jumamosi iliyopita tulikutana kituo cha basi, theluji inaanguka. Akanipisha nipande kwanza, akasema, "Shikamoo, mzee."

Nikaitikia marahaba.