Nilivyokipima chumba cha Furaha kwa mgongo wangu

Kama unakaa mtaa wa Kataki, na siku ile ulimuona mwanaume mzima amesimama uani bila shati, mikono juu, mbele ya mama mwenye mwiko wa bukari, ugali wa kwetu, basi ndiyo, ni mimi, usiulize tena.

Furaha, mtoto wa dada yangu, anasoma chuo hapa Kalemie, na bwenini wanalala wanane na redio tatu, na mitihani alishafeli mara moja, ndiyo akaomba apange chumba nje. Dada akakataa ("Binti akipanga peke yake, wanaume wanaingia kama sokoni!"), halafu akanituma mimi nikaangalie: nikisema pako salama, atapanga, nikisema hapana, basi. Mimi! Mtu ambaye hata kwenda bandarini kununua samaki naona ni safari.

Mwenye nyumba, Mama Rejina, akatufungulia chumba, akamchukua Furaha kumuonyesha bomba la maji. "Papa, weye uulize majirani," akaniambia. Kuulizauliza watu kwa jua lile? Nikaona kitanda. Nikasema nijilaze kidogo nisikilize makelele, si ndiyo kazi niliyotumwa? Nikaacha viatu mlangoni kama mtu mwenye adabu, nikavua na shati kwa sababu ya joto, na hapo (mnanijua) nikalala fofofo.

Kumbe parsele ile, yaani ua mzima na vyumba vyake, wanapanga mabinti tu, na kiatu cha mwanaume mlangoni ni kesi. Nashtuka, mama mmoja jirani amenisimamia, mwiko wake bado una bukari.

"Weye njo nani?"

"Mimi ni mujomba..."

"Kila siku bajomba! Toka inje!"

Nikatoka, nikataka kuvaa shati, nikaingiza kichwa kwenye mkono wa shati, wamama wakanizunguka, mwenye pikipiki akazima injini apate kuona vizuri, na shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa, akaitwa, akaja na daftari. "Jina?" Nikalisahau. Jina langu mwenyewe!

Ndipo Furaha na Mama Rejina wakarudi. "Jamani, ni mujomba wangu, kaka ya mama!"

"Na alivua nguo kwa nini?" akauliza shefu.

Furaha akanivuta mkono, tukaondoka.

Njiani nilikuwa nachemka. "Rudi bwenini! Watu gani hawa?"

Furaha alikuwa anacheka mpaka machozi. "Mujomba, umelala dakika kumi tu na parsele nzima inajua. Mwanaume gani mwingine atasubutu kuingia pale?"

Akampigia mama yake palepale, akasimulia yote, hata lile shati hakuliacha. Nikasikia dada anacheka, halafu: "Ahamie kesho."

Alihamia, na Mama Rejina alimpokea kwa sharti moja: mjomba asipite geti. Siku hizi anasoma kwa utulivu, mimi namsalimia kutoka barabarani kama muuza mkate. Dada ana binti mwingine, anamaliza sekondari mwaka huu, na nimeshamwambia mapema: huyo amtafutie mtu anayependa kutembea.