Hemu Iliyoivia kwenye Injini

Ozella Faison aliendesha trela tangu usichana wake mpaka mvi zikamjaa kichwani. Alisafirisha matairi, machungwa, majokofu, na safari moja shehena nzima ya magodoro iliyompasukia njiani. Miaka yote hiyo Pasaka ilimkuta barabarani, akila mayai ya kukaanga kwenye migahawa ya madereva. Nyumbani kwao, mashambani Carolina Kaskazini, dada yake Lurine alikuwa akiupikia ukoo mzima, halafu anampigia simu kumweleza kila alichokikosa.

Alipostaafu, alikinunua kile kichwa cha trela alichokizoea, akakiegesha nyuma ya nyumba. Watu wakamwuliza cha nini. "Mlitaka ninunue paka?" akawajibu.

Majuma machache kabla ya Pasaka alimpigia dada yake.

"Lurine, mwaka huu hemu naoka mimi."

"Hemu ipi?"

"Paja la nguruwe la Pasaka, dada. Kuna nyingine?"

"Mdogo wangu, mimi nakupenda. Lakini hata chai yako watu huinywa kwa heshima tu."

Nyuma ya sauti ya Lurine ikasikika sauti ya mama yao, Mama Hattie, aliyekwisha kupita miaka tisini. "Mwache aoke! Nataka nione kabla sijafa."

"Mama, kila Pasaka unasema unakufa."

"Na kila Pasaka nakula nikashiba. Mwache mtoto."

Basi Ozella akaenda kwa jirani mmoja mfugaji, akachagua paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kufukizwa moshi wa mti wa hikori tangu majira ya baridi. Akaliloweka kwenye ndoo usiku kucha ili chumvi ipungue. Jumapili asubuhi akaichuna ngozi, akayachanja mafuta kwa kisu mistari ya kukatizana, na kila palipokutana mistari akachomeka karafuu. Mikono iliyozoea usukani mkubwa ilivishika vikarafuu vile kwa ncha za vidole. Paja likaingia kwenye oveni. Jikoni akachemsha sukari guru, haradali na maji ya nanasi mpaka mchuzi ukawa mzito, unang'ang'ania kijiko. Huo ndio wa kupaka mwishoni, nyama ing'ae kama kiatu cha harusi.

Harufu ilipoanza kutambaa nyumbani, Ozella alivuta kiti akakaa mbele ya oveni, akawa anaichungulia nyama kupitia kioo kama mtu anayetazama mpira.

Upepo ukavuma. Mahali fulani mti ukaanguka juu ya nyaya. Jokofu likaguna, likanyamaza, na taa ya oveni ikazimika mbele ya macho yake.

Akapiga simu shirika la umeme. Wakamwambia labda jioni. Akampigia Lurine.

"Na kwetu giza tupu," alisema Lurine. "Bahati yangu mboga na mikate nilishamaliza. Nyama yako vipi?"

"Iko njiani."

"Njiani wapi? Si iko kwenye oveni?"

Ozella akakata simu. Alipoichoma nyama kisu, juu ilikuwa laini, ila karibu na mfupa bado. Akasimama katikati ya jiko, mikono kiunoni, karibu alie. Hapo ndipo alipokumbuka makopo ya maharage aliyoyapasha moto kwenye injini, safari baada ya safari, wakati wenzake wakila mikate baridi.

Dexter, mwana wa Lurine, fundi bomba, alipofika kuchukua viti vya ziada, alimkuta ameinua boneti ya kile kichwa cha trela, ameingia mpaka kiunoni, analifunga kwa waya lile paja, sasa furushi kubwa la karatasi ya foili, juu ya bomba la moshi.

"Mama mdogo, hiyo ni injini ama jiko?"

"Leo ni vyote viwili. Nipe koleo."

"Mama akijua…"

"Atajuaje? Utamwambia wewe?" Kisha akamgeukia. "Kile kidude chako cha moto wa gesi, cha kuunganishia mabomba, unacho?"

"Kiko garini."

"Nenda nacho kwa mama yako. Na uufunge mdomo kama unavyofunga mabomba."

Ozella akapanda na sufuria ya mchuzi wake, akawasha, akashika barabara ya kuelekea pwani, njia ndefu ya kuzunguka hadi kwa Lurine, nyama ipate muda wa kuiva. Injini ilipopata moto, harufu ya nyama na karafuu ikaingia mpaka kwenye kiti, naye akaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti yake mbaya. Nusu ya safari alisimama kituo cha mafuta akaligeuza furushi. Dereva mmoja mzee akashuka kwenye gari lake, pua juu.

"Dada, gari lako linaungua ama linapika?"

"Linapika."

"Mumeo ana bahati."

"Sina mume."

"Basi bahati bado ipo," alisema mzee, na Ozella akacheka hadi akaliangusha koleo.

Alipoingia uani kwa Lurine, ukoo wote ulikuwa barazani, njaa ikiwauma. Akafunua boneti mbele yao. Lurine akashika kifua.

"Ozella! Ndani ya gari?"

"Juu ya injini, dada. Ndani ningechafua viti."

Foili ikafunguliwa mezani. Kisu kikazama mpaka mfupani bila ubishi. Ozella akapaka ule mchuzi mzito tabaka baada ya tabaka, Dexter akapitisha ule moto wa gesi taratibu, sukari ikachemka, ikawa ya dhahabu, halafu kahawia, ikapasuka vipovu. Watoto wakapiga makofi.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha Mama Hattie. Akatafuna, akafumba macho, akatafuna tena.

"Marehemu baba yenu," alisema hatimaye, "angekula huu mguu mzima, halafu angeniuliza mimi nimejifunzia wapi."

Lurine alimaliza kipande chake. Akarudia. Aliponyoosha mkono mara ya tatu, Ozella akaisogeza sahani pembeni.

"Haina ladha ya dizeli?"

"Ina ladha ya nyama. Rudisha sahani, wewe."

Mchana ukasogea. Taa zikawaka ghafla nyumba nzima, redio ikaanza kupiga kelele chumbani, na hakuna aliyeinuka kwenda kuizima. Ozella alikuwa ameketi katikati ya meza, viwiko mezani, binamu wakimrushia maswali kutoka pande zote, na safari hii alikuwepo kuwajibu kwa mdomo wake mwenyewe. Lurine akajimegea kipande kingine cha mkate.

"Krismasi," alisema bila kumtazama mdogo wake, "nilikuwa nafikiria bata mzinga."

"Ataenea chini ya boneti," alisema Ozella. "Nitampima."