Goti la Baba na Mikono ya Pedeli

Nikisikia nyundo ikigonga chuma taratibu, ko, ko, kisha kimya, mimi hugeuka kutazama hata leo. Ndivyo mafundi wa baiskeli walivyokuwa wakiitoa pini inayoshika mkono wa pedeli, kile chuma kinachobeba pedeli, na zamani hizo, kabla ya uhuru, mlio huo ulitoka kwenye baraza ya Fundi Athumani, mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, pamoja na harufu ya grisi na gundi ya viraka. Watoto wenzangu waliipenda harufu ile. Mimi ilinitia hofu, na nitawaambieni sababu.

Baba yangu, Bwana Kondo, alisambaza mikate kwa baiskeli. Alfajiri alijaza sanduku kwenye tanuri moja kule Mchafukoge, akaenda nalo mpaka Magomeni, duka kwa duka, na sisi nyumbani tulikula kwa baiskeli hiyo. Masika ya mwaka mmoja akateleza kwenye tope la Jangwani, yeye, sanduku na mikate, vyote chini. Mikate iliyolowa tuliila mpaka tukaichukia. Mkono mmoja wa pedeli ulipinda, na goti la baba likavimba likang'aa. Mama alilichua kwa mafuta ya nazi ya moto kila jioni, na kila jioni baba alisema halina neno.

Tajiri wake hakuwa mtu mbaya, lakini mikate haina subira. Alimwambia baba arudi Jumatatu na baiskeli nzima na miguu mizima, la sivyo sanduku atapewa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine tulimjua. Alishaanza kupita mbele ya nyumba yetu na kuulizia hali ya goti kwa upole uliopita kiasi, macho yake yakiwa kwenye baiskeli. Mama alikuwa akimjibu vizuri, kisha akiingia ndani anapiga vyombo.

Jumapili mchana baba akasema anakwenda kwa fundi kuchagua mikono mipya. Kaka yangu Sefu, aliyezijua baiskeli kuliko alivyozijua sura za Kurani chuoni, akaruka kutaka kumfuata.

"Nakwenda na Tatu," baba akasema.

Tatu ni mimi. Nilistaajabu, na Sefu alinuna mpaka magharibi. Nyumba nzima walijua kwamba mimi sina kifua. Mama akificha sukari, wageni waliambiwa ilipo kabla hawajakaa vizuri. Nani angenichukua mimi kwenye shughuli ya watu wazima? Nilimfuata baba nyuma, yeye akiikokota baiskeli na kuchechemea, nami nikiomba kimoyomoyo tusikutane na yule mwulizaji.

Fundi Athumani alikuwa ametungika jozi za mikono ya pedeli kwenye waya, kuanzia ndefu hadi fupi. Barazani walikaa wanaume wakicheza karata. Nilipomaliza shikamoo zangu, baba alikwisha kuiteremsha jozi ndefu kupita zote.

"Hii ndiyo ya kiume," akasema, na wacheza karata wakaafiki. Mkono mrefu unasukumika kwa urahisi, wakasema, hata ukipanda mwinuko wa Magomeni na sanduku limejaa.

"Kusukuma, kweli unasukuma," fundi akajibu. "Lakini mguu unazunguka duara kubwa. Pedeli ikifika juu, goti linakunjwa sana. Hilo lako litakubali?"

"Halina neno."

Fundi akaifunga jozi ile, akaisimamisha baiskeli kwenye stendi, gurudumu la nyuma likaning'inia hewani. Baba akapanda. Kisha fundi akanigeukia mimi.

"Tatu mama, njoo. Weka kiganja chako juu ya goti la baba. Likigoma, sema."

Baba akaanza kuzungusha. Uso wake ulikuwa unatabasamu kwa wale wanaume, lakini chini ya kiganja changu kulikuwa na jambo jingine kabisa. Kila pedeli ilipofika juu, goti lilikwaruza ndani kwa ndani kama nazi inayokunwa, kisha likaruka. Nikamtazama baba. Hakunitazama. Karata zilisimama. Nikisema kweli, namwaibisha baba yangu mbele ya mtaa. Nikinyamaza, kesho ataanguka tena, na sanduku litapanda baiskeli ya yule mpole.

"Vipi?" fundi akauliza.

"Linakwaruza," nikasema. "Na linaruka. Linamuuma."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Fundi akaitoa pini, ko, ko, akafunga jozi ya kati. Goti likaruka kidogo. Nikasema tena. Akafunga fupi, akainua tandiko kidogo ili mguu unyooke chini, na goti likapita juu kimya, laini, kama la mtu mzima wa afya.

"Hiyo si ya baiskeli ya kike?" mmoja akauliza. "Kondo, sasa ununue na buibui!"

Hapo ndipo wakacheka wote. Baba akacheka pia, kicheko kifupi. Akanipakia mbele kwenye mtaimbo wa baiskeli, tukaondoka, na njia nzima hakusema neno. Nilihesabu kimya kile kuwa hasira. Sikula usiku ule. Jumatatu nilikaa mlangoni toka kulipopambazuka, kila kengele ya baiskeli ikinishtua, mpaka jua likawa kali na baba akatokea na sanduku tupu, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaingia ndani, akaomba chai. Habari za goti hazikutajwa tena, na mikono ile mifupi ilizunguka Magomeni miaka mingi.

Mimi niliendelea kuamini kwamba nilimvua nguo baba yangu mbele ya watu. Nilikua na imani hiyo, nikaolewa nayo. Mpaka baba alipofariki, tukiwa tumekaa mkekani siku za matanga, nikamwambia mama.

Mama akanishangaa. "We Tatu, kwani hukujua? Baba yako hakulala usiku ule wa kuamkia Jumapili, kwa maumivu na kwa kuogopa. Nikamwambia, mwambie fundi kweli. Akasema, 'Mbele ya wale wa karata mdomo hautafunguka. Sefu nikienda naye atanisitiri. Nitakwenda na Tatu.'"

Niliinamisha kichwa kwenye kanga yangu. Nililia wakati ule kuliko nilivyolia jeneza lilipotoka mlangoni.