Jogoo wa Bibi Salome Kwenye Mnada wa Kanisa

Jamani, acheni niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Unyambwa, maana wao wakianza wanaongeza chumvi: ndiyo, ni mimi niliyegawa jogoo wa mjane bila mwenyewe kujua, na ndiyo, niliumbuka mbele ya kanisa zima, kipaza sauti kiko mdomoni, tena nimevaa kitenge kipya.

Mimi, Mama Upendo, ndiye ninayezunguka na wale wazee wamisionari wanaokaa Utemini, Mzee Yohana na mkewe Mama Marta. Wametoka Finland, wote wamevuka miaka sabini, na wanatembea barabarani wameshikana mikono kama wachumba (mwanzoni watu walicheka, sasa wamezoea). Kiswahili wanakijua cha polepole, Kinyaturu hawakijui kabisa, hapo ndipo mimi ninapoingia. Wiki yao naijua kuliko yangu: Jumatatu Mzee anatengeneza baiskeli za majirani pale barazani, Jumanne wanafundisha Biblia, Jumatano sokoni, ambako Mama Marta anaonja karanga za kila mtu halafu ananunua kwa yule yule wa wiki iliyopita, na Alhamisi, siku wanayoipenda kuliko zote, tunapanda gari lao kwenda Unyambwa kuwaona wazee na wagonjwa.

Sasa mnajua kwetu Singida mgeni wa heshima haondoki mikono mitupu, anapewa kuku. Kwa hiyo karibu kila Alhamisi tunarudi na kuku, na Mama Marta akishapewa kuku anampa jina, na kuku mwenye jina kwake hachinjwi, mpaka nyumba ile ya kupanga ikawa banda na mwenye nyumba akaanza kununa.

Alhamisi hiyo tulianzia kwa Bibi Salome. Huyu bibi tangu mumewe afariki alikuwa amefunga mlango, hata mchungaji alikuwa anasalimiwa akiwa amesimama uani. Mama Marta alikwenda mara nne bila kuchoka, mara ya tano akakaribishwa ndani, na siku hiyo Bibi Salome akainama bandani akatoka na jogoo mwekundu, kilemba cha kichwani kimelalia jicho la kushoto, jogoo pekee aliyekuwa naye. Akaniambia kwa Kinyaturu, "Mwambie rafiki yangu, huyu ndiye alikuwa ananiamsha asubuhi nisibaki kitandani na mawazo. Sasa akamwamshe yeye." Mama Marta alilia. Na mimi nililia kidogo, nisiwadanganye.

Nusu saa baadaye nilikuwa nimeshamgawa.

Ilikuwa hivi. Nyumba ya pili ilikuwa kwa Baba Elia, mkewe amejifungua mapacha, na mimi ndiye niliyeagizwa kubeba sukari na sabuni, nikaviacha mezani kwangu. Utaingiaje kwa mzazi mikono mitupu, tena mzazi wa mapacha! Aibu ilinishika, nikamwangalia yule jogoo nyuma ya gari amefungwa miguu, naye akaniangalia kwa lile jicho moja, nikajisemea moyoni, kuku ni kuku bwana. Wazee wakiwa ndani wamepakata watoto, nikamshusha, nikamkabidhi Baba Elia nyuma ya nyumba, "Mzee na Mama wanawapa hongera." Tuliporudi garini Mama Marta akauliza jogoo yuko wapi. Nikasema mdogo wangu kapita na baiskeli, nimempa atangulie naye kwangu, apumzike na jua hili. Apumzike! Kuku! Na Mama akaamini, maana yule mama anaamini kila kitu unachomwambia, ndiyo maana kumdanganya kunauma.

Ijumaa akanipigia simu. "Jogoo hajambo?" "Hajambo Mama, anawika." Jumamosi tena, "Anakula?" "Anakula sana, Mama." (Uongo ukishaanza, unadai chakula kila siku.)

Jumapili naingia kanisani, nani nimwone? Bibi Salome! Hakuwa amekanyaga pale tangu msiba, na sasa amekaa benchi moja na Mama Marta, wameshikana mikono, hawasikilizani lugha hata kidogo na wanatabasamu tu. Kanisa zima lilifurahi. Mimi pia nilifurahi, mpaka Baba Elia na mkewe walipoitwa mbele kutoa shukrani ya mapacha, akafunua kikapu, nikakiona kile kilemba.

Kwetu sadaka ya mali inanadiwa baada ya ibada, watu wote wapo, na nikajua bibi yule akigundua kuwa zawadi yake ilipita tu mikononi mwa wageni kama mzigo, ataenda nyumbani afunge mlango, na safari hii hautafunguka. Tegemeo langu likawa moja tu, kwamba macho yake hayaoni mbali (Mungu anisamehe, nililishukuru hilo). Nikaamua nimnunue haraka nimalize.

Mnadi wetu ni Mzee Gidioni, mtu wa maneno mengi. Alipomwinua tu jogoo nikanyoosha mkono. Na Mama Marta akanyoosha! Ananong'ona kwa furaha, "Anafanana na wangu, watakuwa ndugu!" Nikapandisha, akapandisha. Nikapandisha tena, watu wakaanza vigelegele, wanadhani tunashindana kumpenda Mungu, Mzee Gidioni naye akanogewa, akaanza kumzungusha jogoo benchi hadi benchi, "Mwangalieni, mtoto wa Singida huyu!" Mimi nafanya ishara asiende upande ule, yeye akadhani naongeza dau. Akafika mbele ya Bibi Salome. Na yule jogoo, siku nzima kimya, akawika.

Bibi Salome akainua mkono, watu wakanyamaza. Akaita taratibu, "Kuu, kuu, kuu," na jogoo akapiga mbawa, akamponyoka Mzee Gidioni, akatua mapajani mwa bibi. Akampapasa kilemba. Kisha akamgeukia Mama Marta, safari hii kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, sauti ndogo, "Ulimkataa?"

Mama Marta akatikisa kichwa. "Hapana! Wangu yuko kwa Mama Upendo. Anawika. Anakula sana."

Macho yote kwangu. Mzee Gidioni, badala ya kunisitiri, akanisogezea kipaza sauti. Nikasema yote, sukari, sabuni, mapacha, mdogo wangu na baiskeli yake ya kubuni, nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi, "Shikamoo Bibi, nimekosa, wao hawakujua kitu." Wala sikuwa nalia kwa ajili ya sifa yangu, ile ilishakwenda, nililia kwa sababu niliona mikono yao imeachana.

Bibi Salome akampapasa jogoo tena. Halafu akasema, "Kumpa mzazi wa mapacha si kosa. Ungerudi ukaniambia, ningeongeza na tetea. Kosa lako ni kwamba ulimfanya rafiki yangu anidanganye bila yeye kujua." Akamrudishia Mzee Gidioni jogoo, kwamba sadaka ni sadaka, mnada uendelee. Mama Marta akamnunua, hakuna aliyethubutu kupandisha, mimi nimeficha mikono yote miwili ndani ya kitenge.

Tangu siku hiyo kitu cha mtu kikipita mikononi mwangu nakifikisha kilikotumwa, hata liwe yai moja, hata niende kwa miguu. Nilidhani na kazi yangu imeishia pale, lakini watu walipoanza kutawanyika Bibi Salome aliushika tena mkono wa Mama Marta, akaniita nitafsiri. "Waambie Alhamisi waje, nitawapikia. Na wewe uje," akasema, "ila utakaa pale ninapokuona."