Mbuta wa Mfaransa Asiye na Kichwa

Sisi tuliokulia Oyugis miaka ya tisini tulijua hoteli ya aina moja tu: benchi refu, chai ya maziwa, mandazi na redio isiyozimwa. Sherehe ilikuwa kuchinja kuku nyumbani, watoto wagombanie miguu. Kwa hiyo Baba alipotangaza kwamba Jumamosi tutakwenda Homa Bay kula kwa Mfaransa, Mama alimshika paji la uso aone kama ana malaria.

Mfaransa huyo, Bwana Pieri, alikuja kuchimba visima, akaoa huku. Visima vikaisha, yeye akabaki na kufungua mkahawa barazani kwake. Tulikuwa tunasherehekea barua ya dada yangu Atieno, aliyeitwa shule ya bweni huko Migori. Shida ilikuwa Dani, yaani nyanya yetu. Atieno alikuwa akilala kwake tangu akiwa mdogo, na Dani alikuwa amekataa katakata asiende mbali. Atieno naye aliapa hatoki bila baraka zake. Sanduku lilikuwa tayari, Jumatatu ndiyo siku ya kuripoti, na wawili hao hawasemezani. Baba aliona labda chakula kizuri kitamlainisha mama yake. Maskini Baba.

Kwanza uliletwa mkate mrefu, mgumu kama fimbo. Kwetu mkate hauguswi kabla ya chai, basi tukakaa tukingoja chai, na weita akasimama akingoja tule. Kisha akaleta mbuta, amelala kwenye siagi na vitunguu, ananukia ajabu. Lakini hakuwa na kichwa.

Dani akasukuma sahani. Kichwa cha samaki ni cha mkubwa, na kwetu mkubwa alikuwa yeye. Akamwambia Baba kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Umenileta huku nitukanwe?" Akaanza kutafuta viatu vyake chini ya meza. Atieno akainamisha uso, machozi yakamdondoka. Nikajua shule imekwenda.

Weita akakimbia jikoni. Bwana Pieri akatoka mwenyewe, aproni imelowa, amebeba sufuria. Ndani mlikuwa na vichwa vitatu vilivyochemshwa kwa nyanya na dania. Akaeleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba kwao vichwa ni vya supu, na supu hiyo huila yeye jikoni kwa sababu wageni hawajui utamu wake. Dani akamtazama weee.

"Kumbe ni mwizi tu," akasema, akacheka mpaka leso ikamwanguka.

Akachagua kichwa kikubwa kuliko vyote. Tukangoja aanze. Badala yake akakiweka kwenye sahani ya Atieno.

"Kula wewe. Huko Migori nani atakupa?"

Atieno akala huku analia, Mama akalia, na Baba akasingizia pilipili.

Siku hizi wanangu wanataka samaki asiye na mifupa, na wakiletewa mwenye kichwa wanalalamika kwamba anawatazama. Kwanza apigwe picha, aliwe akiwa amepoa. Sherehe kwao ni chipsi, tena za kila wiki. Mkubwa mezani sasa ni mimi, na kichwa ni changu bila mpinzani. Juzi nilimwekea kitinda mimba wangu kwenye sahani siku alipofaulu mtihani. Akanishukuru kwa adabu, akampa paka. Nilicheka nao, lakini nikamkumbuka Dani kuliko hata siku tulipomzika.